Faini Iliyopeperuka

Upepo wa mji wetu wa Trieste jina lake Bora.
Bora kwa nani, sijui.
Hushuka mlimani bila kupiga hodi,
huvunja miavuli, huangusha pikipiki kama karata,
na asubuhi ile, Mtaa wa Coroneo,
ulinipokonya faini niliyoiandika kwa vidole vya barafu:
euro arobaini na mbili,
Panda ya kijivu, mstari wa buluu,
muda umepita kwa dakika kumi na tisa.

Nilikuwa nimeibana chini ya waipa. Naapa.
Picha ninayo. Siku hizi tunapiga picha,
maana kila mtu hapa ana upepo wake wa kusingizia.

Miaka kumi na mmoja natembea mitaa hii,
mashine ya kuchapa kiunoni.
Naijua mistari kama mshonaji ajuavyo pindo:
buluu ni pesa, njano ina wenyewe,
nyeupe ni saa moja tu, na saa yenyewe ya karatasi,
unaizungusha kwa mkono wako, unaiacha kiooni,
nayo haisogei hata ukilala.
Nimeona saa hizo zikisema saa tano
ilhali jua bado ni la saa tatu.
Nimeona mawakili, joho begani,
wakikimbia kutoka mahakamani kuja kuongeza sarafu,
kesi ya mtu ikingoja.
Nimeitwa kupe.
Nimeitwa dada, dakika moja tu, dada.
Dakika moja ya mwenye gari ina vyumba vingi.

Siku ya tano ile faini ililipwa,
jioni, kabla punguzo halijafa:
euro ishirini na tisa na senti arobaini,
taslimu, dirisha la pili.
Nikasahau.

Siku ya nane akaja mwenye Panda,
Dario Stocovaz, fundi wa lifti.
Mhudumu wa mkahawa alimwambia aliniona nikiandika.
Barua ya rufaa tayari mfukoni:
hakuona karatasi, hadaiwi, halipi.
Nikamgeuzia skrini. Imelipwa.
"Na nani?"
Alivyouliza, ungedhani nimemwibia.
Akaikunja barua, akaikunjua, akaondoka bila kuaga,
mtu aliyekuja na ugomvi
akakosa pa kuuegesha.

Kishina cha risiti kilikuwa na jina: Nevia Gombač,
ghorofa ya nne, mtaa wa nyuma.
Nilipanda nikiwa zamuni, jambo lisiloruhusiwa.
Lifti ilikuwa mbovu.

"Bibi, una gari?"
"Mimi? Hata baiskeli sina."
Karatasi aliikuta kwenye kamba ya nguo,
imejibandika kati ya soksi mbili kama iliyoanikwa.
"Sasa ulilipa ya nini?"
Alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu hunawa.
"Dawa ya deni kulipa. Na ilikuja kwangu."

Kisha, akiwa ameshanipa mgongo, akiwasha jiko la kahawa:
"Tangu marehemu aondoke napata matangazo tu,
magodoro, vifaa vya kusikia.
Miaka tisa mji huu haujanidai kitu.
Hiyo ilikuwa na muhuri. Ilikuwa na tarehe.
Kulikuwa na mtu ananisubiri mpaka Ijumaa."

Fomu ya kurudishiwa fedha nilikuwa nayo mkobani.
Haikutoka.

"Na mwenyewe," akauliza, "alifurahi?"
"Sana," nikasema.
Akasugua meza mahali palipokuwa pasafi.

Chini, mstari mweupe, Skoda nyekundu,
saa ya karatasi imeganda saa sita kamili.
Yangu ilisema kumi na robo.
Nikaandika. Nikaibana faini vizuri, nikaipiga picha.
Bora akaanza kuichokoa pembeni,
kwa ukucha, taratibu.
Nikatazama juu, ghorofa ya nne, kamba ya nguo.
Nikaendelea na gari linalofuata.